Babu Aliomba Maji

Jumapili, baada ya misa. Mvua haijakatika tangu juzi. Ukiwa hapa Kihonda huwezi hata kujua kama milima ipo. Wingu limeshuka mpaka chini.

Nina uchovu ambao kulala hakuutoi. Acha niandike.

Mama alipofariki mwaka jana, tulipokuwa tunatoka makaburini, Bibi alinishika mkono akanivuta pembeni. Akasema mama yangu amekwenda bila kujua baba yake alikufaje, na yeye mwenyewe hataki kwenda hivyo. "Wewe umesoma," aliniambia. "Nitafutie."

Tulichokuwa tunakijua ni kidogo. Babu Kobelo alikuwa kibarua wa reli kule Ngerengere, kwenye genge la kutengeneza njia. Treni ilimuua akiwa kazini, Mama akiwa bado ananyonya. Basi. Bibi akarudi kwao Mgeta na mtoto mgongoni, akalima kabichi mpaka mgongo ukapinda.

Siku ile ndipo aliponiambia yaliyobaki. Asubuhi ya ajali Babu aliamka na homa, akasema leo atapumzika. Bibi akamjibu kwamba wanaume wenzake wameshatoka. Babu akavaa, akaenda, hawakuagana. Kesho yake akaletewa jeneza lililopigiliwa misumari, na hakuna aliyemruhusu kulifungua.

Tangu hapo anajiuliza kama ni homa ile iliyomuua. Maana yake, kama ni yeye aliyemuua.

Makaratasi ya miaka ile sikuyapata, nikaamua kutafuta watu. Nimekwenda Ngerengere mara tatu, kila nikipata siku mbili za mapumziko hospitalini. Mara mbili nilirudi mikono mitupu. Wazee wa genge lile wamekwisha, niliambiwa, au wamerudi kwao. Mara ya tatu, Jumatano iliyopita, mama mmoja muuza vitumbua akanielekeza kwa Mzee Salehe, nyuma ya msikiti.

Nilimkuta amekaa kwenye mkeka anatafuna muhogo, miguu imenyooshwa, magoti yamevimba. Nikamwamkia, nikajieleza. Nilipotaja jina la Kobelo aliacha kutafuna. Akamwambia binti yake atuache kwanza.

Hakuwa na haraka. Aliniambia siku hiyo walikuwa wanabadilisha mataruma, yale magogo yanayolaliwa na reli, na Babu alichelewa kwa sababu alipitia zahanati akapewa kwinini. Mnyapara alipomwona anatetemeka alimwambia akae kando. Akakaa kidogo, kisha akaona aibu kuwatazama wenzake wakifanya kazi. Akainuka, akachukua sepetu, akainama relini peke yake, mgongo ameupa upande ambako kichwa cha treni kilikuwa kinarudisha nyuma mabehewa ya kokoto.

Filimbi ilipigwa. Genge zima likaita jina lake. Hakugeuka.

Mzee Salehe alisema walibishana juu ya jambo hilo miaka mingi. Wapo waliosema amerogwa. Wapo waliosema, kwa sauti ya chini, kwamba alitaka mwenyewe.

Mimi nilikuwa nimeshaelewa. Nimewapa wagonjwa wangapi kwinini mimi, nikawaita wasiitike? Masikio yanavuma, mtu anakuwa kama yuko ndani ya mtungi. Babu hakurogwa wala hakutaka kufa. Hakusikia tu. Na hakusikia kwa sababu ya dawa, na dawa ni kwa sababu ya homa.

Homa ileile.

Nilidhani hapo ndipo mwisho. Nikaanza kufunga mkoba. Mzee Salehe akasema bado.

Babu hakufa palepale. Aliishi karibu saa nzima, wakisubiri gari. Kichwa chake kilikuwa kwenye mapaja ya Mzee Salehe, na alichokuwa akiomba ni maji. Aliomba na kuomba. Debe la maji lilikuwa hatua tano tu kutoka pale, lakini waliamini mtu aliyeumia vile ukimpa maji anakata roho. Hakuna aliyethubutu kumpa. Akafa akiomba.

Nikamwambia kile ambacho ningemwambia ndugu wa mgonjwa yeyote, na tena ni kweli: kwa majeraha yale maji yasingemuua, na wala yasingemwokoa.

"Najua, mjukuu wangu," alisema. "Nilishaambiwa zamani na daktari. Lakini aliomba."

Nikamalizia kufunga mkoba, nikaondoka na neno hilo.

Jana nilipanda Mgeta. Barabara imeharibika, gari lilikwama mara mbili na tulishuka kusukuma, tukafika tumejaa tope. Njiani kote nilikuwa napanga maneno. Niliamua kwamba kwinini nitaimeza mimi, na maji nayo nitayameza. Bibi ni mzee. Ya nini?

Alikuwa jikoni, karibu na moto, anachambua maharage kwa kupapasa kwa sababu macho yamekwisha. Hata kabla sijavua viatu aliuliza, "Ilikuwa homa?"

Nikasema behewa lilirudi nyuma ghafla, na lingempiga hata mtu mzima wa afya.

Vidole vyake viliendelea kuchambua. Kisha akasema, "Hiyo ni sauti yako ya hospitali."

Nikalia. Nikamweleza yote, kwinini, sepetu, filimbi, jina lake walivyoliita. Hakunikatiza. Nilipofika pale Mzee Salehe alipompakata, aliinua uso akauliza kama Kobelo alisema lolote. Nikamwambia aliomba maji. Akauliza kama alipewa. Nikanyamaza, na akaelewa.

Hakulia. Ningependa angelia. Alikaa hivyo mpaka maharage mengine yaliyokuwa motoni yakaanza kuungua, na mimi ndiye niliyeinuka kuepua chungu. Nilidhani atamlaumu Salehe. Nilikuwa nimejiandaa hata kumtetea. Badala yake aliuliza kama bado ana nguvu, na kama ana watu wa kumtunza.

Kisha akasema, "Mwambie asibebe peke yake. Tuko wawili."

Alilala bila kula, na nilipoondoka leo alfajiri hakuweza kuinuka kitandani.

Nimempigia simu Mzee Salehe nilipotoka kanisani. Binti yake akamwekea simu sikioni. Nikayasema maneno ya Bibi kama alivyoyasema, bila kuongeza. Halafu akauliza, "Na Roza wake, yule mtoto mchanga, hajambo?"

Ilibidi nimwambie. Kwamba Roza alikua, akanizaa mimi, na tulimzika mwaka jana.

Akasema pole. Akasema angependa kumwona mama yake Roza, ila magoti hayamruhusu kupanda, na kwa hali niliyomwacha nayo leo, Bibi hawezi kushuka. Wote wawili hawana muda mrefu. Barabara nayo ndiyo hiyo.

Zamu yangu inaanza kesho saa moja asubuhi. Nitaomba ruhusa ya siku tatu, nitafute gari lenye nguvu, nimpakie Mzee Salehe nimpeleke, hata kama itabidi abebwe kutoka barabarani mpaka mlangoni. Wakikaa pamoja sijui wataambiana nini.

Sijui hata kama nimewatua mzigo, au nimewatwisha upya.