Namba ya Wakala

Jumapili. Mvua imewakuta watu kanisani, na mimi nimebaki hapa Kanduyi kwa Mama, nimejitanda leso, sina nguvu hata ya kuwasha jiko nichemshe chai. Naandika kwa sababu nisipoandika nitaendelea kuzunguka nyumba hii kama mtu aliyepoteza kitu na hakumbuki ni kitu gani.

Mdogo wangu Nafula alikuwa asafiri kesho.

Alikuwa aende Nairobi, halafu nchi za Ghuba, kufanya kazi za nyumbani kwa watu asiowajua. Yeye na wakala walikutana mtandaoni. Nafula alinipigia simu mwanzoni mwa wiki, mimi nikiwa Kitale kwenye cherehani yangu, sare za shule zimenijaa mapajani, akaniambia huku anacheka kwamba amepata kazi. Nafula hajacheka hivyo tangu amalize chuo. Amekaa nyumbani na cheti chake, amebisha kila ofisi ya Bungoma, na hakuna aliyemjibu.

Nilimuuliza kama anawajua hao watu. Akanitumia ukurasa wao. Ofisi ya vioo, wasichana wanatabasamu uwanja wa ndege na masanduku yao, chini yake maneno ya shukrani. Nikaandika jina la kampuni kwenye simu. Ukurasa ule ule ukaja juu kabisa, ukafuatwa na mwingine wa kuwasifu, na mwingine tena.

“Si umeona mwenyewe, dada?” akaniambia. “Ndio wako wa kwanza.”

Bado nilikuwa na shaka, lakini huwezi kumzuia mtu kusafiri kwa sababu ya shaka yako tu.

Jumatano nilifunika cherehani nikaenda maktaba ya umma pale mjini. Nilikuwa nimepita mbele yake miaka na miaka bila kuingia. Nilidhani ni ya wanafunzi. Mkutubi, Bi. Chepkemoi, mama wa makamo mwenye sweta ya kijani, aliniuliza natafuta kitabu gani. Nikamwambia sitafuti kitabu, natafuta kujua kama watu fulani ni waongo. Hakucheka. Alivuta kiti cha pili mbele ya kompyuta.

Kosa langu alilisema kwa upole. Nilikuwa nimeuliza kampuni habari za kampuni. Ukiandika jina lao peke yake, utaletewa yale wanayosema wao kuhusu wao, na kuwa juu si kuwa wa kweli, mwingine analipia tu hapo juu. Akaniambia niongeze maneno ambayo wao wasingeyaandika kamwe. Malalamiko. Utapeli. Binti yangu. Nikaongeza. Hakukutokea kitu.

Tukafungua ukurasa wa serikali wenye majina ya mawakala walioruhusiwa. Jina lao halikuwepo, ila lilikuwepo jingine linalofanana nalo sana, herufi moja tu ndiyo tofauti. Nilimpigia Nafula pale pale. Akasema ni makosa ya kuandika, serikali hukosea kila siku. Na kweli hukosea. Nikakata simu nimechoka kuliko nilivyokuja.

Bi. Chepkemoi alinipeleka kwenye chumba cha magazeti ya zamani. Nilifunua mpaka vidole vikawa vyeusi kwa wino. Nilisoma habari za wasichana waliorudi wamevunjika, nikasoma na za wengine waliorudi wakajenga. Kampuni ile haikutajwa mahali popote. Nilianza kujiuliza kama mimi ndiye mbaya. Labda nina wivu. Labda nataka Nafula abaki ili nisibaki peke yangu na Mama anayezeeka.

Alhamisi nilirudi. Sikujua pengine pa kwenda.

Siku hiyo tulianza na picha. Bi. Chepkemoi aliichukua ile ya ofisi ya vioo akaitafuta picha yenyewe badala ya maneno, jambo ambalo sikujua linawezekana. Jengo lile lilitokea kwenye kurasa nyingi, na zote zilisema liko nchi nyingine kabisa, tena ni la kuuza magari. Nikaanza kukusanya vitu vyangu, nikidhani tumemaliza. Lakini yeye akanituliza, akasema hata mtu mkweli huiba picha nzuri. Tusimame hapo kwanza, tutafute kitu kingine kisichotegemea hiki.

Akaniuliza kama nina namba ya simu ya wakala.

Nilikuwa nayo. Aliniambia niiandike katikati ya alama za kunukuu, tarakimu zikiwa zimeshikana. Hakuna. Niiandike inayoanza na sifuri. Hakuna. Kisha inayoanza na alama ya kujumlisha na namba za nchi, nikiacha nafasi baada ya kila tarakimu tatu, kama watu wanavyoandika kwenye matangazo.

Kukatokea ukurasa mmoja.

Kilikuwa kikundi cha watu wa Bungoma, wanapouziana kuku na kutangaziana misiba. Mama mmoja wa Chwele alikuwa ameandika mwaka jana: aliyepelekwa Ghuba na mwenye namba hii, aniambie kama amemwona Nasimiyu wangu. Picha ya msichana amevaa gauni la njano. Chini yake mtu mmoja tu alikuwa amejibu, akaweka alama ya mikono ya kuomba.

Nilitaka kukimbia nimpigie Nafula. Bi. Chepkemoi alinishika mkono. Alisema yeyote anaweza kuandika chochote kuhusu yeyote, kwa hiyo nimtafute mwandishi mwenyewe kwanza, nimsikie. Nilimtumia yule mama ujumbe. Akanipigia kabla sijatoka mlangoni.

Sauti yake ilikuwa ya kawaida, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha. Anauza vitunguu sokoni Chwele. Binti yake aliondoka akiwa na furaha, akaongea naye mara chache akilia, halafu simu ikazimwa. Kampuni ilipoulizwa ilisema haimjui. Nikamwomba anisomee ujumbe ambao Nasimiyu alitumiwa kabla ya safari. Aliusoma polepole, na mimi nikaufuata kwenye simu yangu, ule aliotumiwa Nafula naye akanirushia. Maneno ni yale yale. “Karibu kwenye famila yako mpya.” Hata hilo neno familia lilikosewa vile vile.

Nilikaa kwenye ngazi za maktaba na watu wakanipita.

Nafula hakuniamini kwa simu. Alisema watu wa mtandaoni hawakosi la kusema. Mama akachukua simu akaniambia akina mama wa kanisa wanakuja Jumamosi kuiombea safari, kuku ameshapatikana, na mimi nisilete mkosi. Kwa hiyo nilimwomba yule mama wa Chwele jambo ambalo sikuwa na haki ya kuliomba. Nilimwomba aje.

Alikuja jana, mimi nikiwa nimeshafika kutoka Kitale. Aliteremka kwenye bodaboda akiwa na matope hadi magotini, akavua viatu mlangoni. Akina mama walikuwa wamemaliza wimbo. Hakutoa hotuba. Alimwomba Nafula amwonyeshe uso wa mtu aliyemwahidi kazi, Nafula akamwonyesha picha, naye akaitikia kwa kichwa kwamba ni yule yule. Kisha akatoa picha ya Nasimiyu akamwekea mapajani. Nafula aliitazama muda mrefu. Wana umri mmoja. Hata nywele walikuwa wamesuka mtindo mmoja.

“Sikukujia nikukataze,” mama yule alisema. “Nimekuja kwa sababu mimi hakuna mtu alinijia.”

Mama yangu ndiye aliyeanza kulia. Nafula hakulia. Alizima simu yake, na nilipoketi karibu naye akanigeukia kwa hasira ambayo sitaisahau.

“Sawa, siendi,” akasema. “Sasa niambie, dada, nikikaa hapa nitafanya nini?”

Tangu jana nimekuwa najaribu kumjibu kichwani. Nilijua kutafuta uongo wa mtu mpaka nikaupata, lakini hilo swali lake sijui niliandike vipi, wala ni nani nimuulize.

Paspoti yake iko kwa wakala. Tutaanzia polisi kesho asubuhi, na simwachi aende kuichukua peke yake. Nimemwambia aje akae nami Kitale kwa muda. Hajasema ndiyo wala hapana. Lakini asubuhi hii ameenda kanisani na Mama, na sanduku lake limerudi chini ya kitanda.

Ningependa kuishia hapo.

Ila jana, nilipomsindikiza mama yule barabarani, alisimama akanishika mikono yote miwili. Alisema kwa kuwa mimi nimejua kutafuta hadi nikamfikia yeye, nimtafutie na Nasimiyu. Alisema kama mtu anayeagiza kitu dukani, akiwa na hakika kitapatikana. Nilimwambia ndiyo. Ningesema nini kingine? Alipanda bodaboda akiwa ametulia kuliko alipokuja.

Nimekaa na simu mkononi tangu watu waondoke kwenda ibada. Nimeandika jina la Nasimiyu katikati ya alama za kunukuu. Nimeongeza jina la baba yake, nikaongeza mji, nikaufuta mji. Kila mara inaniletea kilio kile kile cha mama yake.

Ni neno gani ambalo bado sijaliandika?