Gundi Iliyokataa Jua la Same

Jumapili jioni. Mvua imekatika sasa hivi, migomba bado inadondosha, na mimi nina furaha ya kijinga kabisa.

Naandika nikiwa barazani kwa Mama, huku Gonja milimani, miguu ndani ya soksi zake za sufu, kikombe cha chai ya tangawizi pembeni. Mtandao huku unakuja na kuondoka upendavyo, kwa hiyo mtaisoma hii siku utakapoamua kuja.

Kwa aliyeingia hapa leo kwa mara ya kwanza: naitwa Nakunda, ni fundi cherehani Same mjini. Sare za shule ndizo zinazonilisha, na sare za shule ndizo zinazonichosha. Tangu mwaka jana moyo wangu umehamia kwenye maturubai. Si yale mazito ya bluu tunayoanikia mahindi. Haya yangu ni ya watu wanaolala porini: nailoni nyembamba iliyopakwa silikoni, ukiikunja inaingia mfukoni mwa koti, ukiifunga kati ya miti miwili unapata paa. Majirani wanasema nashona miavuli isiyo na mpini. Wacha waseme.

Lakini leo lazima nikiri jambo ambalo nimelificha hapa mwezi mzima.

Turubai langu la kwanza lilivuja.

Lilivuja vibaya, tena juu ya vichwa vya watu. Nilikuwa nimempa Elisante, anayeongoza wageni wanaopanda mlima kwenye msitu wa Shengena. Alilala chini yake na wageni wawili, mvua ikaja, na maji yakapita katikati, pale nilipounganisha vipande viwili vya kitambaa. Aliporudi alinipigia simu. Elisante ni mtu wa adabu, hakufoka. Alisema tu, “Fundi, paa ni zuri. Ila katikati umetuwekea bomba.”

Nilicheka kwenye simu. Nilipokata, nililia kidogo.

Kilichoniuma ni kwamba mimi najivunia mshono. Nguo yangu inaweza kuchanika popote, lakini si kwenye mshono. Nilikuwa na hakika kitambaa ndicho kibovu, mpaka nilipolinyanyua lile turubai dirishani na kuona nukta za mwanga zimejipanga kutoka mwanzo hadi mwisho. Kila nukta ni tundu la sindano. Sasa sikilizeni ujinga wangu: nilikuwa nimelishona kama kaptula ya mtoto wa darasa la pili, pale makalioni, mishono midogo midogo, safu tatu. Nilidhani naliimarisha. Kumbe nilikuwa nalitoboa mara tatu.

Elisante alinipa nafasi nyingine moja. Ana wageni wanaopanda kesho, Jumatatu. Alisema nikimpa lisilovuja atalichukua, na ataagiza mengine mawili. Likivuja, atarudi kwenye yale mazito na sisi tutabaki kusalimiana. Hakusema kwa ukali, lakini nilimwelewa. Nami nikajiapiza kimoyomoyo kwamba hili likishindwa, narudi kwenye kaptula zangu na siongei tena habari za porini.

Basi nikashona jingine. Safari hii nilizikunja pindo mbili zikumbatiane, kama mguu wa jinzi, mishono mirefu, safu mbili, basi. Mkono ulikuwa unawasha kuongeza ya tatu. Nikajizuia. Kisha ikaja kazi ya kuziba matundu. Kitambaa chenye silikoni hakishiki gundi yoyote isipokuwa silikoni mwenzake, kwa hiyo nilinunua ile inayobana vioo vya madirisha, isiyo na rangi. Nikaizimua kwenye kopo kwa mafuta ya wapaka rangi mpaka ikawa nyepesi kama uji wa mgonjwa, nikaipaka kwa brashi juu ya mshono wote, taratibu, upande wa nje. Hiyo ilikuwa Jumatano. Chumba kizima kilinuka, mteja mmoja akaniuliza kama nataka kuhama ndiyo maana napaka rangi.

Alhamisi mshono ulikuwa unanata.

Hapo nikafanya ambacho mtu yeyote wa Same angefanya. Nililianika juani. Kwetu Same nguo, mboga, hata godoro la mtoto, vyote tunalikabidhi jua na havichukui muda. Nikawa nalihamisha kulifuata jua lenyewe, asubuhi upande wa barabarani, mchana uani. Upepo ukaleta vumbi, vumbi likanasa, mshono ukawa na rangi ya matofali. Ijumaa bado unanata. Nikawasha pasi ya mkaa nikaipitisha kwa mbali. Unanata. Nikaanza kumsema vibaya muuza duka kwamba kaniuzia feki, Mungu anisamehe.

Jana asubuhi nikalikunja hivyo hivyo, ukanda wa nailoni laini juu ya mshono ili usigandane, nikapanda gari la Gonja. Nilikuwa na sababu zangu. Elisante anakaa Gonja na tulikubaliana alifuate kwa Mama. Halafu Same hakuna mvua ya kulijaribia, na kumwaga ndoo si mvua. Lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nakuja kushindwa kwa mama yangu, kwa sababu kwake ukishindwa huwa kuna chai.

Nilipofika, ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mlangoni mwa jiko. Mama aliitikia shikamoo yangu, akapokea mkate niliomletea, akaligusa turubai, akajifuta kidole kwenye kanga.

“Mwanangu, huku sare za wajukuu zangu hazikauki siku tatu. Hilo dudu lako ndilo litakauka?”

Nikalifunga uani, upande mmoja kwenye mparachichi, upande wa pili kwenye nguzo ya zizi. Pembeni yake kulikuwa na kanga mbili za Mama kwenye kamba, nzito kwa maji. Nikaliacha kwenye ukungu, nikaenda kulala mapema, nimenuna.

Leo asubuhi, kabla ya kanisa, nilipita pale nikienda kuchota maji ya kunawa. Niliugusa mshono bila hamu yoyote. Kidole kikateleza.

Nikaugusa tena. Nikaupapasa mwanzo mpaka mwisho. Mkavu! Laini, unavutika kama mpira, vumbi la Same limefungiwa humo ndani milele. Na kanga za Mama pembeni yake bado zinachuruzika.

Nikakimbilia mkoba, nikatoa chupa ya gundi, nikasoma yale maandishi madogo ya nyuma ambayo fundi mwenye akili husoma kabla ya kuanza. Gundi hii haikaushwi na jua. Inakaushwa na unyevu wa hewa. Siku tatu nzima nilikuwa naikimbiza mbali na kitu pekee inachokihitaji! Nilicheka mpaka Mama akatoka nje akiwa amevaa kiatu kimoja.

Nilimweleza. Akafikiri kidogo.

“Kwa hiyo kuna kitu kinachokauka upesi huku kwetu kuliko Same?”

Aliuliza hivyo mara mbili. Kisha, nje ya kanisa, akawasimulia kina mama wenzake kwa Chasu, Kipare chetu, kwa madaha, kana kwamba ukungu ameutengeneza yeye.

Lakini kukauka ni jambo moja, kutovuja ni jingine. Mvua ilianza saa nane mchana. Nilikuwa nimepanga kukaa chini ya turubai mimi mwenyewe na gazeti kavu magotini, nione kama litapata tone. Mama naye alikuwa na maharage ya kuambua, na jikoni kulijaa moshi. Alibeba kigoda na ungo wake, akaenda kukaa chini ya turubai langu, katikati kabisa, chini ya mshono, bila kuniuliza.

Nikabaki barazani na gazeti langu. Mvua ya huku haina mzaha. Iliipiga ile nailoni mpaka sikuweza kusikia kuku. Nilikuwa namwangalia Mama, siliangalii turubai. Namjua, tone moja tu likimwangukia atainua kichwa na nitasikia habari zake hadi Krismasi. Dakika tano zikapita. Kumi. Hakuinua kichwa. Mikono ikawa inaambua, kisha inaambua polepole, kisha ikatulia juu ya ungo.

Nikashtuka. Nikatoka mbio kwenye mvua.

Mama alikuwa amesinzia.

Nilisimama pale nimeloa chepechepe, namtazama mama yangu anakoroma kidogo, mkavu, kilemba kikavu, maharage makavu. Juu yake mshono wangu umenyooka na ule mstari wake mwekundu wa vumbi, na matone yanateleza pande zote mbili yakienda zake.

Elisante alifika na pikipiki katikati ya mvua ileile, suruali imejaa tope. Alikuwa ameniambia kabisa kwamba atamwaga ndoo nzima ya maji ajionee mwenyewe. Nilimwonyesha Mama kwa kidole. Akachuchumaa, akaufuata mshono kwa macho, akapapasa udongo kando ya kigoda. Mkavu. Kabla hajasema kitu nikamwonyesha pia kitanzi kimoja cha kufungia kamba, cha pembeni, ambacho nilisahau kukipaka gundi na kilikuwa kinadondosha tone moja moja. Sikutaka tena aje agundue bomba akiwa porini.

“Pembeni hakulali mtu, dada,” alisema kwa kunong'ona. Kisha akaongeza, “Nalichukua. Na yale mawili, anza kukata.”

Nilitaka kupiga vigelegele, lakini Mama amelala. Basi tukakaa naye pale, watu wazima wawili tumejikunyata chini ya nailoni, tunasubiri mvua ikatike ili asiamshwe.

Ilipokatika, ukimya ndio uliomwamsha. Aliitikia shikamoo ya Elisante, akaokota maharage yaliyomwangukia mapajani. Elisante akaanza kufungua kamba kwenye mparachichi. Mama, ambaye jana tu aliliita dudu, akamkazia macho.

“Sasa unalipeleka wapi? Na mimi nikae wapi?”

Elisante ameshaondoka nalo, amelitia ndani ya koti. Ana oda zake mbili na nitazishona, wala asiwe na wasiwasi. Lakini kesho nikifika Same, kitambaa cha kwanza nitakachokata si cha Elisante. Mishono mirefu, safu mbili, na vitanzi vyote nitavipaka safari hii. Halafu sitalianika popote. Nitapanda nalo huku likiwa linanata hivyo hivyo, Mama alikaushe kwenye ukungu wake.