Mchele wa Kijiji Tumeshaula

Mpendwa Mama Mshauri,

Nakuomba unisaidie, na ukiona barua imekuwa ndefu usiiweke kando, maana nimeiandika kwa siku tatu na kila nikianza upya inazidi kurefuka. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na tatu, nimemaliza mafunzo ya uuguzi na ukunga mwezi wa Desemba, na sasa ninakaa Kariakoo kwa shangazi yangu Celina, anayeuza ndizi za kupika sokoni, tunalala watu watano chumba kimoja katika nyumba ya Mzee Shomari, ambaye ni mwenye nyumba wetu na pia balozi wetu wa nyumba kumi. Majina haya nimeyabadilisha, na langu tafadhali lisitoke.

Nimechoka, Mama. Sijaanza kazi na nimeshachoka. Tangu wapangaji wajue kuwa mimi ni nesi, uani hapakaliki, mtu akiamka na kikohozi anakuja kwangu kabla hajanawa uso, mama wa chumba cha tatu ananiletea mtoto wake kila jioni nimguse paji la uso, nami sina dawa wala kipimajoto, nina mikono tu, na nikisema mpelekeni hospitali wananitazama kana kwamba nimewanyima chumvi.

Kazi zilizoniita ni tatu. Ya kwanza ni barua ya Wizara inayonipangia zahanati ya kijiji kimoja wilaya ya Tunduru, nifike kabla ya tarehe mosi Juni, na huko nitakuwa mkunga peke yangu. Ya pili ni zahanati ya kiwanda cha nguo hapa hapa mjini, ambako ofisa utumishi, Bwana Kasmir, anasali kanisa moja na shangazi na ameahidi kwenda kumwona mtu Wizarani ili barua yangu ibadilishwe, na kule kuna nyumba ya kiwanda, maji ya bomba ndani, na wagonjwa ni wa malaria na vidole vilivyobanwa na mashine. Ya tatu ni hospitali ya misheni nyumbani kwetu Rombo, ambako baba amekwisha kumwambia padri kuwa narudi, bila kuniuliza, akaniandikia mistari minne, wa mwisho ukisema chumba changu kimepakwa chokaa.

Wiki mbili zilizopita, siku ya Alhamisi, alikuja mzee mmoja kutoka kijiji hicho cha Tunduru, anaitwa Bakili, ni mwenyekiti wa kamati yao ya afya, amesafiri siku nne na vumbi lilikuwa bado kwenye nyusi zake. Nikamwamkia, "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ndiye wewe mkunga wetu?"

"Ndiye mimi."

Akanitazama kutoka kichwani mpaka miguuni. "Barua ilivyokuandika nilidhani ni mtu mzima."

Shangazi akadakia, "Pilipili haipimwi kwa urefu, ndugu yangu. Karibu ukae."

Akakaa kwenye kigoda, akaniambia wameshaijenga zahanati kwa kujitolea, kila nyumba imetoa siku zake, na nyumba yangu nayo wameiezeka, upande wa mbele bati, upande wa nyuma nyasi kwa sababu bati ziliisha. Akatoa kikapu cha mchele kilichoshonwa mdomo kwa ukindu, akasema ni wa kijiji kizima, kila nyumba kibaba kimoja, na kikapu chenyewe ni cha mke wake, kisipotee. Kisha akatoa karatasi ya daftari yenye majina kumi na moja ya wajawazito, mbele ya kila jina wameandika miezi, "minne", "mitano na kitu", na jina la tisa, Sofia, ni binti yake. "Mwaka jana tulizika wawili," akasema, kama mtu anayesema mwaka jana mvua ilichelewa. Akaongeza kuwa wilayani wamemwambia jina langu likiondolewa hakuna jina jingine mpaka mwakani.

Mimi sikusema ndiyo. Nilisema, "Nimesikia, baba." Naye akanishukuru kwa mikono miwili, akaondoka kwenda kutafuta lori la kumrudisha.

Jumapili yake nilikwenda kumtazama mgonjwa nyumba ya pili, niliporudi nikakuta harufu ya pilau imejaa ukumbini na Bwana Kasmir amekaa kwenye kiti chetu cha pekee, sahani ya pili mkononi. "Shangazi, mchele huu umeupata wapi? Haufanani na wa dukani." Shangazi akamjibu, "Wa kwetu tu, baba, ongeza." Nikakitazama kikapu pembeni, ukindu umekatwa, kimelala ubavu. Punje zilizokuwa sahanini hazikulingana, Mama, ndefu, fupi, nyingine zina wekundu, kila nyumba na mbegu yake, nami nilikaa nikala, kwa sababu mgeni alikuwa ananitazama, na kila tonge nililimeza kama dawa.

Mzee Shomari naye alipelekewa sahani yake, akairudisha tupu, akasimama mlangoni baada ya mgeni kuondoka. "Binti, cha watu kikishashuka tumboni, umeitika."

"Mzee, hata wewe umekula," shangazi akamwambia.

"Mimi nimekula kama jirani, Celina. Wewe umempikia mwajiri mwingine."

Tangu siku hiyo shangazi ana hasira na nyumba nzima. Anasema jambo ni dogo, atanunua mchele mwingine kiasi kile kile, ajaze kikapu, akipeleke kwa watu wa malori, na hapo tutakuwa hatudaiwi jibu na mtu. Bwana Kasmir anataka neno langu kabla ya mwisho wa mwezi. Baba anataka nipande basi.

Nilidhani barua yangu ingeishia hapa, lakini sijakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilipokuwa mwaka wa mwisho, katika wodi ya wazazi, siku moja nilimwita Sista, mkuu wa wodi aliyekuwa akitufundisha, atoke kwenye chakula chake aje haraka, nimeona damu nyingi, akaja akakuta hakuna la kutisha, akasema mbele ya wanafunzi wenzangu, "Mkunga wetu huyu anaogopa damu," wote wakacheka, nami nikacheka. Wiki tatu baadaye, saa tano asubuhi, mama mmoja amekwisha kujifungua mtoto wa kiume, damu ikaendelea kutoka, nikasema nisubiri kidogo nihakikishe, nikamkanda tumbo, nikasubiri, nikatazama mlango, nikasubiri tena, labda robo saa. Nilipomwita Sista alikuja mbio, daktari naye akaja, na kabla ya saa saba yule mama alikufa. Sista aliniambia, "Haya yapo katika kazi hii." Hakuna aliyeniuliza nilingoja muda gani.

Kwa hiyo nikifikiria kiwanda, Mama, nafikiria mahali ambapo hakuna anayejifungua. Nami najua ni uoga, najiona ninavyouvika nguo nzuri, nasema maji ya bomba, nasema shangazi ananihitaji. Lakini siku ile Bakili alipoondoka nilichukua penseli, nikakaa kitandani, nikageuza ile miezi yao kuwa tarehe, nikaziandika mbele ya majina yote kumi na moja. Wa kwanza ni karibu na tarehe kumi na nane Juni. Sofia ni Agosti. Sijui kwa nini nilifanya hivyo, labda ni mazoea tu. Karatasi iko chini ya mto wangu na silali vizuri.

Niambie nichukue kazi ipi. Nitafuata utakachosema, maana mimi mwenyewe sina nguvu tena ya kuchagua.

Mimi mwanao,
H., Kariakoo

*

Mwanangu H.,

Kwanza pole. Pole kwa yule mama aliyekufa mbele yako, maana naona hakuna aliyekupa pole hiyo, na msiba usiopewa pole haulali.

Sasa nikukaripie. Umeniandikia kurasa sita kunieleza kazi tatu, na mimi nimezihesabu. Misheni umeipa sentensi moja. Kiwanda umekipa bomba la maji. Kilichobaki chote ni kijiji na robo saa. Hukuja kwangu kuuliza kazi ipi. Umekuja kuuliza kama bado unaruhusiwa kumgusa mzazi, na ulitaka mimi nisiyekujua niseme hapana ili upumzike. Sitasema. Na hilo la kwamba utafuata lolote nitakalosema, liondoe. Juzi ulikiachia kicheko cha Sista kiamue lini damu ni nyingi, leo unataka kuniachia mimi hili. Ni kosa lile lile, limebadilisha wodi.

Kuhusu robo saa sitakudanganya. Mimi si muuguzi, sijui kama ungeita mapema yule mama angepona, na wewe hujui. Yupo mmoja anayeweza kujua, naye ni Sista. Nenda kwake wiki hii, mchana, si kwa barua. Mwambie ulingoja robo saa. Mwambie na sababu, kwamba alikucheka mbele ya wenzako ukaogopa kuchekwa tena. Atakasirika. Mwache akasirike, akimaliza, muombe akuchukue wodini kwake wiki zote zilizobaki kabla ya Juni, usimame naye kwa kila mama anayetokwa na damu mpaka mikono yako ijue la kufanya wakati moyo unapiga kelele. Mwanafunzi kachelewa kuita na mwalimu alimfundisha kuchelewa. Mna deni nyote wawili, na halilipiki kwa kukaa kimya kila mtu pembe yake.

Bwana Kasmir mwambie mwenyewe, ofisini kwake, kwa maneno machache: "Nashukuru, siji." Usimtume shangazi, maana shangazi atapika tena. Na ukiwa huko usiombe radhi kwa pilau, hakujua alichokula.

Baba mwandikie barua ya heshima. Mshukuru kwa chokaa. Chumba kilichopakwa chokaa kinangoja, wanawake kumi na mmoja hawangoji. Mwombe yeye mwenyewe amwambie padri, kwa kuwa ndiye aliyeahidi.

Uani hapo funga duka. Asiye na dawa wala kipimajoto si zahanati, ni mtu anayechoshwa. Mpe Mzee Shomari kazi hiyo, ana ulimi wa kutosha, awaelekeze wapangaji wake hospitali.

Halafu kijiji. Hofu yako ya kuwa peke yako si uoga wote, nusu yake ni akili. Itumie. Kabla ya kusafiri mwandikie Bakili umuulize: hospitali ya wilaya iko umbali gani, kijiji kina trekta au gari gani, dereva anakaa nyumba ipi, na dizeli ya dharura ataiweka nani. Muulize ni mabibi gani hapo kijijini wamekuwa wakizalisha kabla yako, majina yao, na wakuwepo siku utakayofika, maana hao watakuwa mikono yako, usiwadharau kwa sababu hawana cheti. Muulize pia wale wawili waliozikwa walikufaje. Katika hao kumi na mmoja atakayekutia wasiwasi, mpeleke wilayani mapema, kabla ya uchungu, hata kijiji kizima kikisema mkunga wetu anaogopa damu. Mkunga asiyeiogopa ndiye wa kuogopwa.

Nimeona umeandika kwamba zile tarehe ni mazoea tu. Mwanangu, mtu anayekwenda kiwandani haandiki tarehe za kujifungua za wanawake wa Tunduru. Ulikuwa umechagua Alhamisi ile ile, kwa penseli, kabla pilau haijapikwa. Uchovu ulionao si wa kukosa nguvu ya kuchagua, ni wa kusukumana na mlango ambao umeshaufungua.

Na shangazi yako mwambie hivi kutoka kwangu. Mchele ule haununuliki Kariakoo. Anaweza kupima kiasi kile kile, lakini soko zima halina mchele uliotoka nyumba zote za kijiji kile, kibaba kibaba, na mke wa Bakili akifungua kikapu na kukuta punje zote zinalingana, atajua wamekataliwa kabla hajasoma barua. Shangazi alikosea kuupika bila kukuuliza, lakini umeliwa, na wewe ulikuwa mezani.

Kikapu kifute vumbi. Tia ndani mkasi wako, uzi, sabuni, na ile karatasi iliyo chini ya mto. Kwetu sisi kikapu cha watu hakirudi kitupu, wala hakitumwi kwa lori. Kirudishe mwenyewe, kabla ya tarehe kumi na nane Juni.

Mama Severa