Jibu Moja kwa Mshauri wa Mashine

Jumatatu, 4 Machi 1974

Bendera ikapandishwa, nyimbo za Chama zikaimbwa, tukacheza kama ipasavyo. Kisha ofisini, kwenye meza yetu makarani wa kugawa malori ya kampuni. Karakana ya kusini ilitaka lori la kubebea mabomba, stoo kuu ilitaka lilo hilo. Lori nikawapa karakana. Stoo walinung'unika.

Kuna mgeni. Ameketi karibu na mlango, amevaa abakosti ya kijivu, lile koti la Chama lisilovaliwa na tai, anaandika. Mkuu wa ofisi amemtambulisha: sitwayeni, yaani mwananchi, Bolamba, mshauri wa mipango, ametumwa kutoka Kinshasa kuitayarisha ofisi ya magari kabla ya kuletwa kwa mashine ya kuhesabu. Alitusalimu kwa Kilingala.

Simwamini. Katika mji huu anayekusalimu kwa Kilingala kwa kawaida ana bunduki au ana mkubwa mwenye bunduki.

Jumatano, 6 Machi

Ameanza kutuhoji, mmoja mmoja. Nani hukupa amri? Ukikosa amri, huzungumza na nani? Nani huja kukuona, na kwa haja gani?

Mashine ina haja gani ya kujua nazungumza na nani?

Adhuhuri, Mwape, karani mwenzangu, alinivuta nyuma ya gereji.

"Baba Ilunga, ule hapana muntu wa masini. Iko wa usalama. Anatuandika!"

"Nami nimeona hivyo."

"Basi weye njo unajua maneno ya barua. Ututengenezee jibu moya. Siye bote tuseme ile ile."

Ni kweli. Kambi nzima ya wafanyakazi huniletea mimi maombi yao ya kuandikwa, ijapokuwa sikuvuka darasa la sita. Nimetunga hivi: *Kazi yangu ni kutekeleza kwa uaminifu maagizo ya wakubwa wangu, mimi mwenyewe sina uamuzi wowote.* Sentensi timilifu. Haina pa kushikwa.

Alhamisi, 7 Machi

Makarani wote watatu tumeitamka. Kisimba, aliye mdogo kwetu, aliitamka mikono ikiwa mgongoni, kama katekisimu. Bolamba aliuliza tena kwa njia nyingine. Tukajibu vilevile. Aliishia kutazama dari.

Jumamosi, 9 Machi

Salongo, kazi ya lazima ya umma. Kufyeka majani kando ya barabara ya kambi. Bolamba naye akaja na jembe, bila kuitwa. Analishika vibaya. Mtu wa cheo hafyeki majani bila sababu. Bidii ya kazi si sababu.

Nilimweleza mke wangu. Mama Ngoie aliendelea kuponda sombe, majani ya muhogo ya chakula cha jioni.

"Muntu wa usalama hawezi kukuuliza mbele ya bantu, Baba. Anakunywesha kwanza bia ya Simba. Ule alikunywesha?"

"Hapana."

"Basi. Njo muntu wa masini."

Wanawake huona mambo kwa wepesi mno.

Jumatatu, 11 Machi

Mama mkwe wa Mwape amefariki. Kwa desturi yetu msiba wa mfanyakazi hupata lori la kwenda makaburini. Hakuna kanuni iliyoandikwa. Sisi makarani hulichomoa mahali, tukaziba pengo kwa lori jingine, na karakana hazisemi neno, kwa kuwa watu wa huko nao hufiwa.

Nilichomoa lori la saruji. Likatoka langoni limejaa akina mama wakiimba. Bolamba alikuwa amesimama papo hapo langoni.

"Nani ameamua?"

"Nimetekeleza maagizo ya wakubwa wangu."

"Mkuu wako yuko Likasi tangu jana."

Nikarudia sentensi yangu. Akaandika. Nimeogopa siku nzima. Kila gari lililosimama nje nilidhani limekuja kunichukua.

Alhamisi, 14 Machi

Hawakuja kunikamata. Lililokuja ni baya kuliko hilo.

Bolamba amebandika karatasi kubwa ukutani. Mchoro wa ofisi baada ya mashine. Juu, kisanduku cha mkuu. Mshale. Kisanduku cha mashine. Chini yake, weupe mtupu. Nafasi zetu tatu zinafutwa mwisho wa mwezi. Anayefutwa kazini hurudisha nyumba ya kambi. Nina watoto sita katika nyumba ile.

Kando ya mchoro amefasiri sentensi yangu kwa Kifaransa. Ni nzuri hata kwa Kifaransa.

Mwape alimuuliza kwa nini. Alijibu bila ukali:

"Niliwauliza ninyi wote. Wote mliniambia hamna uamuzi. Mashine nayo haina uamuzi, na haihitaji nyumba."

Hasira yangu yote ni juu yangu.

Ijumaa, 15 Machi

Nilianza barua ya maombi. *Tunajitupa miguuni pa...* Nikaichana. Kumwambia kwamba tunaamua ni kumwambia pia kuhusu malori ya misiba.

Nilipowaambia wenzangu twende tukamweleza yote kwa mdomo, Mwape, mwenye msiba, ndiye aliyekataa kwanza. "Ukisema vile, siye bote tunaingia buloko, tunafungwa, Baba!" Kisimba alirudi mezani kwake. Yeye bado hana mtoto.

Nitakwenda peke yangu. Nitataja jina langu tu, si yao.

Jumamosi, 16 Machi

Nimekwenda. Nimemkuta peke yake ofisini. Sikutayarisha maneno, yakatoka ovyo, Kiswahili cha sokoni. Nimemweleza siku yetu nzima: jinsi tunavyopima nani aumie leo ili nani asiumie kesho, lori la nani huazimwa na nani, jinsi ya kubembeleza madereva. Na misiba.

"Kwa nini hukuniambia tangu mwanzo?"

"Nilidhani wewe ni wa wale."

Alicheka. Kisha akaacha kucheka, akatazama mlango, akapunguza sauti.

"Na sasa unadhani mimi ni nani?"

"Sijui."

Ni kweli sijui. Nilimweleza hadi mwisho hata hivyo. Aliandika kila neno.

Ijumaa, 22 Machi

Mchoro mpya umebandikwa. Visanduku vitatu vimerudi chini ya mashine. Katika kile changu: *Huamua ugawaji wa magari, pamoja na yale ya misiba.* Jina langu kamili. Mkuu ametia sahihi bila kusoma.

Mwape alinishika mkono kwa nguvu, kisha akasimama mbali nami mchana wote. Namwelewa.

Bolamba amepanda ndege kurudi Kinshasa. Karatasi zake amekwenda nazo. Nani atazisoma huko, sijaambiwa.

Jumapili, 24 Machi

Misa. Mvua kidogo. Mama Ngoie ameuliza kama tutakuwapo katika nyumba hii hadi mboga za lengalenga zikomae. Nimesema nadhani tutakuwapo. Amechukua mbegu, amekwenda nyuma ya nyumba kupanda.