Mukeke wa Mama Mdogo

Mama Mdogo,

Nimekula pale. Pale bandarini Kigoma, kwenye hoteli uliyokuwa ukiiita "ya wenye viti vya kitambaa". Nimeona nikuandikie mapema, maana najua swali lako la kwanza lingekuwa kama samaki alikuwa wa leo au wa jana. Alikuwa wa asubuhi ile ile. Viti navyo si vya kitambaa tena. Ni vya plastiki, vyeupe, na nilichokalia mimi kilikuwa na mguu uliopasuka. Ungecheka.

Tangu uondoke mengi yamegeuka. Wewe ulikuwa ukirudi kutoka kununua samaki umejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Siku hizi barabara ni lami, mtu anasinzia na kuamka yuko Kasulu. Meza yako sokoni Kibondo ameichukua Mama Furaha, anauza nyanya na vitunguu. Hajaung'oa ule msumari uliokuwa ukitundikia mizani. Nilimuuliza kwa nini, akasema, "Wa mwenyewe huo."

Na mimi nimepata kazi. Sijui kama habari hizo hufika huko. Ni karani wa masijala, hapahapa Kibondo. Bado niko kwenye majaribio, na mkuu wangu, Mama Edina, ndiye atakayeandika kama nithibitishwe au nifungashe virago. Ni mama wa miwani mizito, asiyecheka ovyo. Nawe unajua nilivyo mwoga. Nafunga kabati la mafaili, nafika mlangoni, narudi kuhakikisha kama nimelifunga.

Lakini uoga wangu mkubwa, Mama Mdogo, uko mdomoni. Ofisini wanapenda kutania kuhusu wakimbizi wa Burundi, kama tulivyokuwa sisi. Wanasema si kwa ubaya. Uraia tunao, wewe ndiye uliyetupanga foleni mpaka tukaupata, ila hofu haisomi cheti. Basi nimejifunza kuchuja maneno. Sombe naiita kisamvu. Ndagala nawaita dagaa. Na mukeke, aliyenilipia ada tangu darasa la kwanza, namwita mgebuka kama wanavyomwita wengine. Masudi, dereva wetu, Mnyamwezi wa Tabora, aliposikia nimekulia hapahapa Kibondo aliamua kuwa mimi ni Muha, kwa hiyo ni mtani wake. Kila asubuhi, "Muha wangu, leo umetubebea mawese au umekuja mikono mitupu?" Mimi nacheka kidogo, nainama kwenye mafaili.

Wewe hukuchuja neno hata moja. Unamkumbuka yule bwana wa kofia aliyekusimamia mezani akisema, "Nyie Warundi na mukeke wenu! Hapa Tanzania, sema mgebuka"? Hukuacha hata kupima. Ulimjibu, "Baba, samaki huyu kazaliwa Kigoma, akapiga mbizi mpaka Bujumbura kusalimia mashemeji, jioni akarudi. Mfuate ziwani ukamuulize kibali." Soko lilicheka mpaka wauza mkaa. Bwana yule naye akacheka, akanunua wawili. Mimi nilikuwa chini ya meza, nimejifunika kanga yako, nikiomba ardhi inimeze.

Jioni ile ulinipa kichwa. Watu wengine kichwa cha samaki humpa mgeni, au baba mwenye nyumba. Kwako wewe kilikuwa cha aliyeogopa kuliko wote siku hiyo, na ndiyo maana mimi nimekula vichwa vingi kuliko paka. "Mtazame," ulikuwa ukisema. "Kapasuliwa, kapigwa moshi, kachemshwa. Umeona amefumba macho? Basi na wewe usifumbe."

Wiki iliyopita tulipeleka mafaili Kigoma mjini. Kazi ilipokwisha, Mama Edina akasema ni aibu kutoka Kigoma bila kula samaki. Masudi akaegesha gari karibu na geti la bandari, nami nikaona jina la hoteli ukutani. Ilikuwa ile ile yako.

Tulikaa upande wa maji. Boti iliyotoka ng'ambo ilikuwa inashusha mizigo, na wapagazi wa Kikongo wakisukumana kwa maneno, kile Kiswahili chao chenye Kifaransa ndani. Milima ya Kongo ilionekana hafifu kama moshi wa jikoni. Mbali kidogo, ufukweni, wanaume walikuwa wakigombania bei ya samaki kwa sauti kubwa. Nikatafuta mwanamke kati yao. Nilimwona mmoja tu, ameshika kiuno, hasogei. Nikakuona wewe. Miaka yote ile ulisimama hivyo, peke yako, ukarudi Kibondo na matenga yako, na chakula chako cha njiani kilikuwa hindi la kuchoma. Sikuwahi kukusikia ukisema umechoka. Ulikuwa ukisema, "Leo ziwa limenikubali."

Dada mhudumu akaja. "Kuna kuhe, kuna sangala, kuna mgebuka." Kabla hatujajibu, mwenzake akapita na sahani ya meza ya jirani. Samaki mzima, amechomwa, mgongo unang'aa mafuta, amelazwa juu ya ndimu. Mimi nilikuwa namjua aliyekauka tu, mgumu kama soli ya kiatu, wa kulowekwa maji moto kwanza. Nikasahau niko na nani.

"Yuu! Mukeke mbichi!"

Masudi akatua glasi. "Mukeke? Muha wangu, hilo neno umevuka nalo wapi?"

Mama Edina akavua miwani.

Uongo ulikuwa tayari ulimini: nimelisikia kwa majirani, nimelisikia redioni. Nikatazama pembeni nisitazamane nao, macho yakaangukia kwenye ile sahani ya jirani. Samaki alikuwa ananitazama. Katoka kwenye moto, na jicho lake liko wazi.

Nikasema, "Ni neno la nyumbani. Mama yangu mdogo alikuwa akiuza mukeke sokoni Kibondo. Asili yetu ni Burundi." Sauti ilitetemeka, siwezi kukudanganya. Lakini nilifika mwisho wa sentensi.

Masudi akashika kichwa kwa mikono miwili. "Ina maana siku zote hizi namtania mtu ambaye si mtani wangu? Nani atanirudishia utani wangu?"

"Utani haurudishwi, Masudi," alisema Mama Edina. Kisha akanigeukia mimi. "Mama yako mdogo ni yule wa karibu na mashine ya kusaga? Mwenye kilemba cha njano?"

Nikasema ndiye.

"Yule mama alinifukuza mezani pake! Nilikuwa nabinyabinya samaki, akaniambia, 'Mama, huyo si embe.'" Akacheka. Mama Mdogo, nilikuwa sijawahi kuyaona meno yake. "Na bado nikawa narudi kwake kila wiki. Halafu akapotea, nikadhani amehama. Kumbe?"

Nikamwambia. Akaivaa miwani yake taratibu. "Pole sana, mwanangu." Kisha kwa mhudumu, "Tuletee mukeke watatu."

"Mgebuka, mama?"

"Nimesema mukeke."

Ni mtamu. Nikwambie tu hivyo. Ni laini, anaachia mfupa bila ugomvi, na ana utamu ambao moshi wetu ulikuwa unauficha. Nilikula taratibu, kwa mkono, na ugali wa muhogo, nikiwaza kwamba uliwauza maisha yako yote na hapo hukuwahi kukaa. Nikakaa kwa niaba yako. Masudi alipomaliza wake alianza kukinyemelea kichwa changu. "Mtani, kama umeshiba, hicho kichwa..." Bado ananiita mtani, unaona? Sikumpa. Siku hiyo mezani pale hakuna aliyeogopa kuliko mimi.

Mama Edina bado hajaandika lolote kuhusu kazi yangu, na sijui ataandika nini. Ofisi nzima sasa inajua, Masudi si mtu wa kufunga mdomo. Wawili wamepunguza salamu. Masudi mwenyewe amenibadilishia jina, jana alinipokea getini na "Mukeke, umeamkaje?" Nikamjibu, "Salama, ila wewe Mnyamwezi usinibinyebinye, mimi si embe." Maneno yako hayo. Yalitoka yenyewe. Kabati la mafaili bado nalirudia mara mbili.

Nakuahidi hili moja: neno lako sitalichuja tena, kazi ibaki au iondoke. Na siku nikijaliwa mtoto mwoga kama mimi, kichwa cha samaki kitakuwa chake, na nitamwambia kimetoka kwa nani.

N'agasaga, Mama Mdogo. Ndivyo ulivyokuwa ukiwaaga wateja wa jioni, na tangu tukuzike sijalitamka neno hilo. Wewe lala, fumba macho yako kwa raha, umeyafumbua vya kutosha. Yangu yako wazi.

Mwanao,
Jenerosa