Mwiko Ufike Chini

Kariakoo, 9 Agosti 1956

Mama yangu, shikamoo.

Mimi mzima, na koti jeupe la ukaguzi wa vyakula limenikaa sawasawa. Sokoni wananiita Bwana Sampuli. Wenzangu huchota samli juu ya debe tu. Mimi huipasha moto kwanza, nikaikoroga hadi chini, ndipo nijaze chupa ya kupeleka maabara. Ndivyo ulivyokoroga uji wetu, ili wa mwisho apate sawa na wa kwanza.

Jumatatu tulifika dukani kwa kaka Bushiri. Akaninong'oneza, "Chota juu tu, Sadalla. Sisi tumbo moja."

Nilikoroga, mama, na unga wa muhogo ukaibuka.

Atakuandikia kunishtaki. Mwambie aliyenipa mwiko ni wewe.

Mwanao,
Sadalla