Mwalimu, Vigingi Niling'oa Mimi

Mwalimu wangu Kiprono,

Nakuandikia nikiwa nimekaa, lakini moyoni nimesimama, kama tulivyosimama ulipoingia darasani na gambuti zako zenye matope. Hujambo? Swali la kijinga, najua. Mtu aliyezikwa kijijini kwao Ziwa mwezi wa nne haulizwi hujambo. Lakini ni wewe uliyetufundisha kwamba barua bila salamu ni sawa na kuingia nyumba ya watu kwa dirisha, kwa hivyo nivumilie. Kuna jambo sikuwahi kukuambia kwa mdomo wangu, nalo limenikaa miaka yote hii. Vile vigingi vya sorveya, vya kupimia mashamba, niling'oa mimi.

Wacha nianzie mbali kidogo. Unajua mdomo wangu.

Tulifika shamba lile kwa lori, sisi na vyombo na kuku, na nyanya yangu akilalamika kutoka Nyeri mpaka Eldoret kwamba baridi hiyo tunayoifuata haina mwenyewe. Baba alikuwa ameuza kila kitu akanunua sheya katika kampuni ya wazee, na kampuni ikanunua shamba la mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Uhuru ulikuwa bado mpya. Shule yetu ilikuwa zizi la ndama wa mzungu huyo huyo. Ulipaka chokaa, ukatoboa dirisha, ukatundika ubao, lakini harufu ya ndama ilikataa kuhama. Wewe ulikuwa mwenyeji. Ulichunga ng'ombe katika shamba lile ukiwa kijana, na mke wa mzungu alikuwa akikupa riwaya za makauboi zilizotoka majalada. Watu wazima wa kwetu walikutazama kwa jicho la pembeni. Sisi watoto tulikupenda siku ya kwanza tu, haki ya Mungu.

Tulikupendea Ijumaa. Hesabu ikiisha, ulifungua daftari, ukakohoa kidogo, ukatusomea riwaya uliyokuwa ukiiandika mwenyewe. Moja ilikuwa tayari imechapwa na Mhindi mmoja mjini, huko Eldoret ambako wewe na wazee mlikuwa bado mnakuita Sisibo. Jalada lake lilikuwa na farasi aliyefanana na punda, nawe ulilifunika kwa gazeti kwa aibu.

"Huyu mchoraji hajawahi kuona farasi," ulisema.

Na wewe je, Mwalimu, Amerika uliiona lini? Makauboi wako walikula ugali kwa maziwa lala. Asubuhi walivaa makoti mazito kwa sababu ya umande, na wakipita mtu aliyejitwika kuni walimwambia pole. Hatukuona ajabu yoyote. Shujaa wako aliitwa Joni Mkimya, na kwa mtu mkimya alikuwa na maneno mengi sana.

Siku moja nilinyoosha mkono nikauliza makauboi ni watu wa kabila gani.

"Ni watu wa kuja," ulisema, ukatuangalia ukacheka.

"Na wale waliokuwa hapo mbele yao?"

Kicheko kiliisha. Ulifuta ubao uliokuwa safi. "Hao nitawaandikia kitabu chao, Nyambura. Kwanza nijifunze kuandika vizuri." Nilikuwa na miaka kumi na moja, na sikujua ulikuwa umenijibu kitu kikubwa.

Kisha ukaja mwaka wa kugawa shamba. Sorveya alikuja na mnyororo wake, akapigilia vigingi vya mbao mstari kwa mstari, kila kimoja na namba yake, vichwa vimepakwa rangi nyekundu. Wazee waliokota karatasi kwenye kofia, kila mtu na bahati yake. Baba, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati, alipata kipande karibu na mto. Alirudi nyumbani akiimba, na Baba hakuwa mtu wa kuimba. Kila asubuhi alikuwa akienda kukitazama kigingi chake kabla hajanywa chai.

Ijumaa ile ulitusomea sura ambayo tajiri ameziba njia ya maji. Amepigilia miti nchi nzima, na ng'ombe wa maskini wanakufa kwa kiu wakiuona mto kwa macho. Joni Mkimya anashuka kwenye farasi, anang'oa mti wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka njia inafunguka. Ulisoma mpaka sauti yako ikatetemeka. Wee! Tulitoka darasani tukiwa tumepandwa na wazimu.

Jumamosi tulikuwa tunachunga. Nani atakuwa Joni? Nilisema mimi, na aliyebisha nilimpiga konzi. Nikashika kigingi cha kwanza nikakivuta. Ardhi ilikuwa laini kwa mvua, kikatoka kama karoti. Wenzangu wakanifuata. Mwalimu, tulicheka mpaka tukalala chini. Tulivifanya bunduki, tukavifanya jela, tukamfunga ndama mmoja kwa makosa ya kuiba farasi. Jioni tukaviacha vimelala vichakani, tukaenda kukamua. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba ile miti ndiyo iliyoshika mashamba ya baba zetu.

Jumapili hakuna aliyeenda kanisani. Watu waliamka wakakuta mashamba hayana mwanzo wala mwisho. Sorveya alikuwa ameshaondoka, mvua za kupanda zimeanza, na watu walioomba pamoja juma lililopita wakaanza kupimiana kwa hatua za miguu, panga mkononi. Mmoja alisema jirani amevihamisha. Mwingine akasema ni wenyeji, hawatutaki hapa. Halafu mtoto mmoja, mpumbavu kama sisi wengine, akamwambia mamake kwamba hata katika kitabu cha Mwalimu vigingi vinang'olewa.

Basi ikawa ni wewe.

Baraza liliitwa mbele ya stoo ya mahindi. Sisi watoto tuliambiwa tukae chini kwa mstari. Ulikuja umevaa koti lako la kufundishia, Jumapili. Ulipopita karibu yangu uliona viganja vyangu. Ile rangi nyekundu ya vigingi ilikuwa imelainika kwa mvua, ikanishika mpaka kwenye mikunjo ya vidole. Hukusimama. Ulisema tu, kwa sauti ya darasani, "Nyambura, kitambaa cha ubao ni kichafu. Nenda mtoni ukakioshe. Chukua na majivu, usugue sana, usirudi mpaka kila kitu kiwe safi."

Nilienda. Nilisugua mpaka ngozi ikaniwasha. Niliporudi nilisimama nyuma ya wanawake, na Baba alikuwa anakuuliza, "Mwalimu, nani aling'oa?"

"Sikuwepo, Mzee."

"Lakini unajua."

"Kitabu ni changu," ulisema. "Kama kuna aliyefundisha watu kung'oa, ni mimi. Mtoto hufanya alichofundishwa."

Baba aliuliza tena, na tena. Angeambiwa ni mimi angenichapa mbele ya watu wote, na wale wazee wenye panga wangesema mwenyekiti ametumia mtoto wake kuharibu mipaka. Wewe uliliona hilo, mimi sikuliona. Wengine walitaka uondoke shuleni siku hiyo hiyo. Mwishowe kamati ikasema utabaki, lakini hayo madaftari uyatoe. Ulienda nyumbani ukayaleta yote matatu, ukampa Baba kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mkubwa wake chakula. Baba aliyasukuma motoni, chini ya sufuria ya chai ya baraza.

Woi, Mwalimu. Chai ile nilipewa kikombe nikanywa. Ilikuwa tamu, na nilikuwa na baridi ya mtoni. Nimeshaungama mambo mengi kwa padri lakini hilo la chai sijawahi.

Sorveya alirudi, vigingi vikapigiliwa upya, Baba akapata kipande chake kile kile. Wewe uliendelea kufundisha kana kwamba hakuna kitu. Ila Ijumaa baada ya hesabu ulitupa hesabu nyingine. Hakuna aliyekuuliza Joni alifika wapi, hata mimi niliyekuwa na swali kila siku. Ukapewa uhamisho ukaenda shule nyingine, na kile kitabu cha watu waliokuwepo kwanza nadhani hakikuandikwa. Ningekuwa nimesema neno moja pale stoo, labda ningechapwa wiki nzima, na leo watu wangekuwa wanakisoma. Hilo ndilo linalonitafuna, nalo halina dawa.

Baadaye niliolewa, nikafungua duka la vitambaa mjini. Na hapa nataka nikuombe msamaha wa kosa kubwa zaidi, kwa sababu wakati huu sikuwa mtoto. Siku moja nilikuona ukitoka posta, umezeeka kidogo, gazeti kwapani. Nilivuka barabara. Sikukusalimia, nilivuka tu, nikajifanya naangalia viatu dirishani. Mwaka uliofuata nikakuona tena nikavuka tena. Mara ya tatu nusura gari linigonge kwa kukukimbia. Nilijiambia, nikimtazama machoni ataikumbuka rangi mikononi mwangu, na nitakufa kwa aibu. Kumbe aibu haiui mtu, inamlea tu kama mtoto wa nyumbani. Hata Baba aliaga dunia bila kujua, na yeye pia nilimnyima nafasi ya kukuomba radhi.

Kwenye mazishi yako walisema mwanafunzi yeyote anayetaka kusema aje mbele. Mimi nilikuwa jikoni namimina chai vikombeni.

Kwa hivyo Jumanne iliyopita nilijikaza nikaenda Kimumu kwa mke wako, Mama Chebet. Macho yake yamepungua lakini masikio yapo. Nilimweleza yote, tangu vigingi mpaka madaftari, nikilia mpaka yeye ndiye akanipa leso. Nilingoja anifukuze. Akasema, "Kwa hivyo wewe ndiye Nyambura wa duka la vitambaa."

Nikasema ndiyo.

"Alikuwa akirudi kutoka mjini ananiambia, leo nimemwona Nyambura, yule wa maswali. Namuuliza, mmesalimiana? Anasema, nilitaka nimwite, lakini alikuwa na haraka."

"Alisema hivyo mara ngapi, Mama?"

"Kila mara. Alifurahi sana siku hizo. Alisema mtoto wa maswali amekuwa mtu wa kazi nyingi."

Mwalimu, duka langu lilikuwa halina hata mteja mmoja asubuhi ile ya kwanza nilipovuka barabara. Nilikuwa nimetoka kuota jua. Sikuwa na haraka yoyote.

Mwanafunzi wako,
Nyambura